Kupima tezi dume kwa dereva wa masafa marefu: mwongozo kamili

Dereva anayetoka bandarini Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi hupita mizani ya Vigwaza na Mikese, hukatiza hifadhi ya Mikumi ambako kushuka kwenye gari ni kujitafutia balaa, hupanda Kitonga kwa gia nzito, hulala Makambako kwenye baridi, kisha huingia foleni ya Tunduma ambayo ikikataa kusogea hula siku. Njia yote hiyo choo chake ni kichaka, au chupa tupu ya maji chini ya kiti. Akianza kuamka mara tatu usiku kukojoa, atasema ni baridi ya Makambako. Mkojo ukitoka kwa kudondoka, atasema ameubana mno toka Iringa. Kiuno kikiuma, ni kiti. Akihisi haja kila baada ya saa moja, ni kahawa na zile kopo za kuongeza nguvu.

Kazi hii ina kisingizio kwa kila dalili, na mara nyingi kisingizio chenyewe ni cha kweli. Ndiyo maana dereva huchelewa kuliko mwalimu au mkulima mwenye tatizo lilelile. Juu ya hapo, siku za kliniki zinamkuta yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo.

Wagonjwa wangu wengi ni watu wa barabarani, na mwongozo huu nimewaandikia wao: wa lori, basi, teksi, daladala, yeyote anayeshinda amekaa kwenye usukani na amefika miaka 40. Nimemwandikia pia mama watoto, maana mara nyingi ndiye anayejua mume ameamka mara ngapi usiku.

Je, kiti kinaleta saratani?

Hili ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Wengine wanataja joto la injini, wengine mtikisiko wa barabara mbovu, wengine kubana mkojo. Mpaka leo hakuna ushahidi thabiti kwamba kimojawapo kinasababisha saratani ya tezi dume. Moshi wa dizeli, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, lakini hapo kinachozungumzwa hasa ni mapafu.

Kukaa kutwa kuna madhara yake mengine: tumbo, sukari, presha, choo kigumu, maumivu ya nyonga. Kubana mkojo na kunywa maji kidogo huchangia UTI na mawe kwenye figo. Haya yote huchanganyika na dalili za tezi dume mpaka hujui kipi ni kipi, na hiyo ni sababu nyingine ya kupima badala ya kubahatisha.

Tezi dume yenyewe kila mwanaume anayo. Ina ukubwa wa ndimu ndogo, imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya manii. Inaweza kupata matatizo ya aina tatu ambayo mitaani huitwa kwa jina moja tu, "ana tezi dume". La kwanza ni kukua kwa tezi kusiko saratani, ambako huwapata karibu nusu ya wanaume wa miaka ya 50 na wengi zaidi baada ya hapo. La pili ni maambukizi au uvimbe wa tezi, ambao huweza kumpata hata kijana. La tatu ndilo saratani. Tezi iliyokua kwa kawaida haigeuki kuwa saratani, ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi: saratani ya tezi dume ikiwa changa kwa kawaida haina dalili yoyote. Mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija wa mkojo, kwa hiyo mkojo unaendelea kutoka vizuri kabisa. Anayesubiri dalili anasubiri kitu ambacho huenda kikaja ugonjwa umeshafika kwenye mifupa.

Hatua ya kwanza: jua uko kundi gani

Mambo matatu ndiyo yanayopandisha hatari, na hakuna hata moja linalotokana na gari: umri, ukoo na asili ya Kiafrika.

Nchini Uingereza, ambako takwimu zinatunzwa vizuri, mwanaume mmoja kati ya 8 hupata saratani hii maishani mwake. Kwa wanaume Weusi ni mmoja kati ya 4. Kwetu Tanzania, na kwa majirani zetu Kenya pia, inaongoza miongoni mwa saratani za wanaume. Aliyekuwa na baba au kaka aliyeugua, hatari yake ni maradufu au zaidi. Wanawake wa ukoo nao wahesabu: saratani ya matiti au ya ovari kwa mama, dada au shangazi inaweza kuonyesha kwamba kuna kitu kinachorithiwa katika ukoo.

Hapa pana kazi kabla ya hospitali. Piga simu nyumbani, ongea na baba mdogo au shangazi, uliza wazee waliofariki walikuwa wanaumwa nini. Utaambiwa "aliumwa kiuno mpaka akalala kitandani" au "alikuwa anatembea na mpira wa mkojo". Hayo ni majibu tosha. Yaandike na umpelekee daktari.

Kuhusu umri wa kuanza, Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri mazungumzo na daktari yaanze miaka 50 kwa mwenye hatari ya kawaida, 45 kwa mwanaume Mweusi wa Marekani au mwenye baba au kaka aliyeugua kabla ya kufika 65, na 40 kwa mwenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja. Kwa dereva wa Afrika Mashariki mimi naisoma hivi: anza 45, na kama kuna mtu kwenye ukoo, anza 40. Ukishapita 70 na huna dalili, faida ya kupima inapungua. Muulize daktari kwanza kabla ya kutoa mkono kuchomwa sindano.

Nimesema mazungumzo, sikusema amri. Upimaji una pande mbili na una haki ya kuzijua. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza miaka ya 1990, wenye wanaume zaidi ya laki moja na nusu, umeonyesha kwamba baada ya miaka 23 waliokuwa wakiitwa kupimwa walikufa kwa saratani hii pungufu kwa asilimia 13 kuliko ambao hawakuitwa. Hiyo ni faida. Upande wa pili, kipimo huwagundua pia watu wenye saratani ya polepole ambayo isingewaua, na wengine hutibiwa na kubaki na matatizo ya nguvu za kiume au ya mkojo kuvuja. Mimi nikipima hatari yetu sisi, na jinsi wengi wanavyotufikia wakiwa wamechelewa, naona kupima kuna uzito zaidi. Ila uamuzi ni wako.

Hatua ya pili: jihesabie alama

Hii ni kwa mwenye dalili yoyote ya mkojo. Madaktari hutumia maswali saba yanayoangalia mwezi mmoja uliopita. Unaweza kuyajibu ukiwa kwenye foleni:

1. Mara ngapi umemaliza kukojoa ukahisi kibofu hakijaisha?
2. Mara ngapi umelazimika kukojoa tena kabla ya saa mbili kupita?
3. Mara ngapi mkojo umekatika na kuanza tena?
4. Mara ngapi umeshindwa kuuvumilia?
5. Mara ngapi umetoka bila nguvu?
6. Mara ngapi umelazimika kujikamua ili uanze?
7. Kwa kawaida unaamka mara ngapi kukojoa toka ulale hadi uamke?

Swali la 1 hadi la 6, jipe 0 kama haitokei kabisa, 1 kama ni chini ya mara moja kati ya tano, 2 kama ni chini ya nusu, 3 kama ni nusu kwa nusu, 4 kama ni zaidi ya nusu, 5 kama ni karibu kila mara. Swali la 7, idadi ya kuamka ndiyo alama, mwisho 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 za kati, 20 hadi 35 kubwa.

Kwa dereva kuna marekebisho. Ukiendesha usiku na kulala mchana, swali la saba lihesabie usingizi wako mkuu, hata kama ni saa nne asubuhi kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Swali la pili usilijibu kwa siku ulizokunywa kopo tatu za kuongeza nguvu. Na kama huwa unabana kwa lazima, jiulize ingekuwaje ukiwa nyumbani na choo kiko jirani.

Alama hizi zinapima usumbufu wa mkojo, hazipimi saratani. Mwenye 25 anaweza kuwa na tezi iliyokua tu, na mwenye 2 anaweza kuwa nayo saratani. Tena kuna magonjwa mengine yanayojificha hapa, na barabarani tunayo mengi. Kisukari hukojoza mara kwa mara. Kisonono kilichotibiwa nusunusu miaka ya nyuma huacha kovu linalobana mrija wa mkojo, na mkojo hutoka mwembamba kama wa mwenye tezi. Kichocho huleta damu kwenye mkojo. Hivyo mwambie daktari historia yako yote, hata ile ambayo usingependa ifike nyumbani.

Hatua ya tatu: panga siku, na hapa pana mtego

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Kiasi kidogo huingia kwenye damu, na kipimo hupima kiasi hicho kwa nanogramu katika mililita moja. Huhitaji kufunga kula. Lakini yapo mambo yanayopandisha namba bila saratani kuwepo, na usipoyaepuka utajitafutia usiku wa bure wa mawazo.

Saa 48 kabla ya kipimo, usitoe manii kwa njia yoyote na usiendeshe baiskeli. Ukiwa na UTI au homa yenye maumivu ya kukojoa, tibiwa kwanza, kisha subiri wiki sita hivi. Ukiwa umewekewa mpira wa mkojo, vilevile subiri wiki sita baada ya kutolewa. Na kama unatumia finasteride au dutasteride, dawa za kupunguza ukubwa wa tezi, mwambie daktari, kwa sababu baada ya miezi sita hivi dawa hizo hupunguza namba karibu nusu. PSA ya 3 kwa mtumiaji wa finasteride isomwe kama 6.

Mtego ni huo wa saa 48. Dereva amekaa njiani wiki tatu, anafika nyumbani jioni, mama watoto amemsubiri. Keshokutwa anaambiwa kuna mzigo wa kupakia. Saa 48 safi atazipata wapi? Ushauri wangu ni kupima ukiwa unarudi. Ukitoka Tunduma, simama Mbeya, Iringa au Morogoro asubuhi, toa damu, endelea na safari. Majibu utayachukua ukipita tena, au uulize kama maabara inaweza kuyatuma kwako moja kwa moja. Kwa wa njia ya kaskazini, Mombasa, Nairobi na Eldoret zote ziko barabarani. Kama lazima iwe nyumbani, iwe asubuhi ya kwanza, na mwenzio aelezwe kwa simu kabla hujafika. Nimeshaona namba iliyopanda ikashuka yenyewe kwa sababu hiyo tu, na mtu alikuwa amekwisha kuaga ndugu.

Hatua ya nne: wapi uende na useme nini

Zahanati nyingi hazina kipimo hiki. Anzia hospitali ya wilaya iliyochangamka au ya rufaa ya mkoa. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo utampata kwenye hospitali za kanda na za taifa: Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma, Mbeya. Kenya kuna Kenyatta, Moi ya Eldoret na Coast General ya Mombasa. Maabara nyingi binafsi mijini nazo hupima. Bei zinatofautiana sana, kwa hiyo uliza dirishani kabla ya kuchomwa sindano. Mwenye bima aulize kama inalipia kipimo cha mtu asiye na dalili au mpaka daktari aandike sababu.

Kwenye kambi za upimaji bure stendi au viwanjani, mara nyingine hutumika kipimo cha haraka chenye mistari. Kile hukuambia tu kama umevuka kiwango fulani, kwa kawaida 4. Si kibaya kwa kuanzia, ila hakikupi namba ya kulinganisha mwakani. Ukipata nafasi, dai kipimo cha maabara chenye namba kamili, na ukirudia, rudia maabara ileile, kwani mashine hutofautiana.

Aibu ya dirishani nayo ina dawa yake. Huhitaji kumweleza mpokea wagonjwa habari za mkojo watu wamejipanga nyuma yako. Sema: "Naomba kumwona daktari, nataka kupima afya." Mengine utayasema mlango ukifungwa. Kwa daktari sema mambo manne: umri, nani kwenye ukoo aliugua, alama zako za yale maswali saba, na dawa unazotumia, za hospitali na za mitishamba.

Hatua ya tano: kidole

Wanaume wengi wamekwepa kupima kwa sababu ya kidole, na utani wa vijiweni umezidisha. Kwa hiyo nieleze kinavyofanyika.

Utalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani, umefunikwa shuka. Daktari anavaa glovu, anapaka mafuta laini, anaingiza kidole kimoja njia ya haja kubwa na kuigusa tezi kupitia ukuta wa mbele. Anasikiliza ukubwa, ulaini, kama kuna mahali pagumu. Kwa kawaida dakika haiishi. Utahisi haja, hutahisi maumivu makali. Ukiyahisi sema, maana nayo ni dalili. Kama una bawasiri mwambie kabla. Unaweza kuomba daktari mwanaume, na unaweza kuomba muuguzi awepo au asiwepo.

Na kama bado hutaki, kataa kidole lakini usikatae damu. Kwa mtu asiye na dalili, kipimo cha damu ndicho kinachotangulia, na kidole peke yake hukosa saratani nyingi. Ila ukiwa na dalili, au namba ikiwa juu, kidole kina kazi yake na hakiongezi wala kupunguza uanaume wa mtu.

Waliokuwa na hadhi kubwa kuliko sisi wamepitia. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Johns Hopkins, Baltimore, na aliporudi alieleza hadharani kwamba ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema, akahimiza watu wapime. Nelson Mandela alitibiwa saratani hiyohiyo mwaka 2001 akaishi miaka 12 mingine.

Hatua ya sita: soma namba, usiisome peke yako

Dereva mmoja alinitolea karatasi ya PSA kutoka kwenye kinga-jua ya kioo cha mbele, imekunjwa pamoja na risiti za mizani na nakala ya leseni. Wino ulikuwa umefifia kwa jua, tarehe ilikuwa ya zaidi ya mwaka nyuma, namba ilisomeka 7.1. Aliambiwa "imepanda kidogo", akapitia duka la dawa, akanunua vidonge vya UTI, akaendelea na safari. Hakuna aliyempa tarehe ya kurudi, naye hakuiuliza.

Namba husomwa hivi kwa jumla. Chini ya 2.5, kwa mtu asiye na dalili, pima tena baada ya miaka miwili. Kuanzia 2.5 hadi 4, kila mwaka. Kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa na saratani, maana yake watatu hawana. Juu ya 10 uwezekano hupita nusu. Umri una nafasi yake: 3.5 kwa mtu wa miaka 43 inanishtua kuliko kwa mzee wa 68. Tezi iliyokua hupandisha namba bila ubaya wowote. Na upande wa pili, karibu mwanaume mmoja kati ya 7 wenye namba ya kawaida anaweza kuwa na saratani, ndiyo maana tunarudia.

Kwa hiyo usitoke kwa daktari bila vitu viwili: namba yenyewe kwa maandishi, na tarehe ya kurudi. Ipige picha karatasi, mtumie na mama watoto. Simu huibiwa, karatasi huliwa na jua.

Namba ikiwa juu

Cha kwanza ni kurudia baada ya wiki sita hadi nane, safari hii kwa kufuata masharti ya saa 48 bila kuteleza, na mkojo upimwe kuondoa UTI. Vidonge vya kuua bakteria bila maambukizi yaliyothibitishwa havisaidii, vinachelewesha.

Ikiwa bado iko juu, daktari ataagiza ultrasaundi kuona ukubwa wa tezi, na panapowezekana kipimo cha MRI. Kisha kipimo cha kinyama. Sindano nyembamba huchukua vipande kama 12 kutoka kwenye tezi, kupitia njia ya haja kubwa au ngozi iliyo nyuma ya korodani, ukiwa umepigwa ganzi. Baadaye mkojo unaweza kuwa na damu kwa siku kadhaa na manii kwa wiki kadhaa. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni homa na kutetemeka, na hapo dereva anajiponza: amechukuliwa kinyama Jumatatu, Jumanne yuko njiani Tunduma. Kaa karibu na hospitali walau siku tatu nne. Majibu yanaweza kuchukua wiki, hivyo acha namba mbili za simu, moja ikiwa ya mtu asiyesafiri.

Majibu yakisema saratani, uliza swali moja kabla ya yote: ni ya kundi gani? Kwa ukali wake hupangwa kundi la 1 hadi la 5. Ya kundi la 1 mara nyingi huangaliwa tu kwa vipimo vya kila baada ya miezi kadhaa, bila kukatwa wala kuchomwa. Hiyo ni tiba halali, lakini inamtaka mtu anayerudi kliniki, kwa hiyo ongea na tajiri wako kuhusu njia fupi au ratiba inayotabirika. Kwa zilizo kali zaidi kuna upasuaji, mionzi, ambayo Tanzania hutolewa Ocean Road na hospitali nyingine chache, na tiba ya kushusha homoni kwa sindano au kwa kuondoa korodani. Kila moja ina gharama kwa mwili. Uliza kuhusu nguvu za kiume na mkojo kuvuja mapema, mbele ya mkeo kama inawezekana.

Ikionekana ni kukua kwa tezi tu, wengi huanzishiwa dawa iitwayo tamsulosin. Inafanya kazi, lakini siku za mwanzo hushusha presha mtu anaposimama, na kuna wanaopata kizunguzungu. Ianze ukiwa mapumzikoni, si usiku wa kuamkia safari. Imeze jioni baada ya kula, na kwenye gari shuka polepole: kaa ukingoni kidogo ndipo ukanyage ngazi. Finasteride huchukua miezi mingi kuonyesha kazi. Usiache baada ya wiki tatu ukisema haifai.

Mazoea ya kwenye gari

Kunywa maji mchana, punguza saa mbili tatu kabla ya kulala. Kopo za kuongeza nguvu zina kafeini nyingi na humsumbua mwenye kibofu kilichochoka kuliko mtu mwingine yeyote. Simama kila saa mbili, chimba dawa, tembea kuzunguka gari na trela lake, kagua na tairi hapohapo. Ukikojoa, ukimaliza subiri nusu dakika ujaribu tena. Mara nyingi kinabaki kidogo. Chupa si dhambi, kubana ndiyo tatizo.

Angalia dawa za mafua. Zile zenye pseudoephedrine, au za mzio zinazoleta usingizi, zinaweza kumfungia kabisa mkojo mtu mwenye tezi kubwa, achilia mbali usingizi barabarani. Na wauzaji wa virutubisho stendi waogope. Utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa vitamini E kwa maelfu ya wanaume ukitarajia kuzuia saratani ya tezi dume; mwaka 2011 ulionyesha waliokula vitamini E waliugua zaidi, kwa asilimia 17. Magome ya ule mti unaoitwa Prunus africana, uotao kwenye milima yetu, yanaweza kupunguza usumbufu wa mkojo kidogo, lakini saratani hayatibu, na anayeyanywa bila kupima anaweza kutuliza dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Yasiyosubiri safari iishe

Ukiona damu kwenye mkojo hata mara moja, hata bila maumivu, panga hospitali ndani ya siku chache. Ikiwa na mabonge, nenda leo. Homa yenye kutetemeka pamoja na maumivu ya kukojoa au ya kati ya korodani na njia ya haja kubwa, nenda leo. Maumivu ya mgongo yasiyoisha hata ukilala, pamoja na miguu kukosa nguvu au ganzi sehemu za siri, ni dharura ya saa, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na miguu ikishakufa ganzi kabisa ni vigumu kuirudisha.

Na mkojo ukigoma kabisa huku kibofu kimejaa na tumbo la chini linauma, egesha gari mahali salama, mpe utingo simu ampigie tajiri, na utafute usafiri wa kukufikisha hospitali ya karibu. Usiendelee kuendesha wala kunywa maji zaidi ukidhani yatausukuma. Hospitalini watakuwekea mpira na utapata nafuu papo hapo. Kabla hujaruhusiwa, uliza tarehe ya kuutoa na hospitali gani itakutolea kama utakuwa njiani, na ukumbushe kwamba PSA yako isipimwe mpaka wiki sita zipite tangu siku hiyo.